Kanga wa Miguu Minne

Paukwa!

*Pakawa!*

Mmekaa?

*Tumekaa!*

Mmekaa wapi, mbona siwaoni?

*Tumejificha, bibi!*

Mmejificha na vikohozi vyenu? Haya, kohoeni mmalize. Anayejificha hakohoi, hacheki, hajikuni. Ngano inakuja!

*Ije, tumeiwekea kigoda!*

Basi ikaja, ikavuta kigoda, ikaanza hivi.

Hapo kale, nyika ilipokuwa na wanyama wengi na watu wachache wa kuwasengenya, paliondokea Kinyonga mmoja, mwanamke mtu mzima. Ujana wake ulikwisha kitambo na uzee wake ulikuwa haujamaliza kufika, maana hata uzee wake ulitembea kama yeye.

"Mimi," alikuwa akisema, "nikitaka kwenda msibani huondoka nyumbani mgonjwa angali anakohoa. Na bado nikifika naambiwa mjane keshaolewa."

Akiinua mguu, aliufikiria. Akiushusha, aliujutia. Macho yake hayakuwa yakisemezana: moja likitazama mbele, jingine lilitazama alikotoka, kuhakikisha kama kweli amekwisha kutoka. Meno ya kutisha hana, kucha za maana hana, mbio ndizo hizo. Alichojaliwa ni viwili tu, ngozi ya kugeuka rangi na ulimi mrefu kuliko mwili. Ngozi ilikuwa ikimficha. Ulimi ulikuwa ukimfichua.

Bi Kinyonga huyu alikaa kwenye mgunga mmoja ulioinama kando ya lambo la maji. Chini ya mgunga huo ndipo walipokuwa wakija kanga, wale ndege wenye madoa na vichwa vya upara. Kila asubuhi walikuja kunywa maji, mstari mmoja, mbele akiwa mama yao mkubwa, Bi Matone. Wakishakunywa hupekua ardhi: paru, paru, paru. Wakipekua, panzi wanaruka. Panzi wakiruka, wanatua kwenye mgunga. Wakitua kwenye mgunga, chwap! Ulimi wa Bi Kinyonga umekwisha kwenda na kurudi.

Hivyo ndivyo alivyokula. Bila kanga, Bi Kinyonga angekufa njaa akiwa njiani kumfuata panzi wa mwaka juzi.

Basi mwaka huo simba akahama. Na simba akihama, fisi hufunga bila kunuia, maana fisi huishi kwa masazo ya wenziwe. Fisi mmoja, mkubwa wa tumbo, mdogo wa subira, akakaa na njaa yake mpaka ikaanza kumsemesha. Akawaona kanga wakienda lamboni. Mate yakamdondoka, do, do, do.

"Tazama watu hawa," akasema. "Wamenona, wanatembea wenyewe, tena wamejipanga mstari kama wanaoniletea posa."

Akajificha nyuma ya jiwe. Jiwe dogo, Fisi mkubwa. Kanga wakamwona. Kwaraaa! Kwara-kwara-kwara! Pruuu! Wakaruka.

Akajificha nyuma ya nyasi. Nyasi fupi, Fisi mrefu. Kwaraaa! Kwara-kwara-kwara! Pruuu! Wakaruka.

Akajificha ndani ya kichaka kilichokuwa chini ya mgunga. Kichwa akakiingiza chote, macho akayafumba, makalio akayaacha nje yapunge upepo. Akawa anajiambia moyoni, sasa hawanioni, maana mimi siwaoni.

Kwaraaa!

Bi Kinyonga huko juu mtini alikuwa ametulia, kijani kama jani, hata nzi asingemjua. Angenyamaza, ngano hii isingekuwapo na sote tungekwenda kulala. Lakini ulimi ukamwasha.

"Baba Fisi," akasema, "umeficha upande usiofaa. Kichwa ungekiacha nje, angalau kina haya kidogo."

Fisi akachomoa kichwa, miba imemjaa masikioni. "Nani huyo?"

Bi Kinyonga akanyamaza, akawa jani tena. Lakini kicheko kilikuwa kimekwama tumboni, na tumbo likawa linatikisika. Fisi akatazama mtini. Upepo hakuna, majani yote yametulia, jani moja peke yake linacheza ngoma.

Hap! Akalikamata kwa meno ya mbele.

"Yarabi," Bi Kinyonga akajisemea, "wenzangu hukamatwa kwa sababu ya miguu, mimi nimekamatwa kwa sababu ya mdomo. Na miguu ilivyo mibovu, ingeona wivu."

"Wewe ndiye bingwa wa kujificha," Fisi akasema kwa meno yaliyobana. "Nifundishe."

"Mwanangu, mimi ni bingwa gani? Bingwa angekuwa mdomoni mwako?"

"Nifundishe, au nakutafuna."

"Hushibi kwangu. Mimi ni ngozi na majuto."

"Sikutafuni kwa kushiba. Nakutafuna kwa hasira."

Hapo Bi Kinyonga akaona maneno yamefika mwisho. Akasema, "Niteme basi. Somo halitoki vizuri mtu akiwa katikati ya meno."

Fisi akamtema. Bi Kinyonga akajifuta mate, akamfundisha ukweli mtupu, maana alikuwa bado hajapata wazo la kumdanganya. Hata mawazo yake yalikuja kwa miguu.

"Sikiliza. Kwanza chagua mahali, ndipo uchague vazi. Kwenye kichuguu, vaa udongo mwekundu. Kwenye majani mabichi, vaa majani mabichi. Kwenye nyasi kavu, vaa nyasi kavu. Ukishavaa, tulia hapo hapo. Usipige chafya, usijikune, usicheke. Kanga ana kichwa kidogo lakini macho yake hayana msamaha."

"Na kanga wanapita wapi?"

"Asubuhi hapa lamboni, penye majani. Mchana kule kichuguuni. Alasiri wako kwenye nyasi kavu. Wewe chagua mahali pamoja tu."

"Nichague mahali pamoja?" Fisi akakunja uso. "Nikikaa lamboni, wa kichuguuni nitawakosa. Nikikaa kichuguuni, wa kwenye nyasi watanipita. Nichague kwa nini, mimi yatima? Nitavaa vyote!"

Akavaa vyote. Udongo mwekundu mgongoni, majani mabichi shingoni, nyasi kavu kiunoni, na ua la njano alilookota njiani akalichomeka mkiani, isije ikatokea kanga akapita penye maua. Akawa kama robota la mitumba lililopasuka barabarani. Akaenda lamboni, akaonekana. Akaenda kichuguuni, akaonekana. Akaenda kwenye nyasi, akaonekana kutoka mbali zaidi, na kanga mmoja wala hakulia kwaraaa, aliketi chini kwanza acheke.

Fisi akarudi mgungani anatweta. "Nimewakosa, na kosa ni lako! Sikiliza, bibi. Kesho jua likizama sijala kanga, namla mwalimu."

Akalala chini ya mti, jicho moja wazi.

Bi Kinyonga akakaa tawini akiwaza. Akiliwa yeye, basi ameliwa. Wakiliwa kanga, yeye atakufa njaa, jambo lile lile ila kwa mwendo wake mwenyewe. "Ukweli nimempa," akasema, "akaufuja. Sasa nimpe uongo, huenda akautunza."

Kulipopambazuka akaita, "Baba Fisi, amka. Nimekumbuka siri ya wazee. Kujificha nyuma ya kitu ni kwa wanyama wadogo kama sisi. Mnyama wa cheo chako hujificha ndani ya wale anaowawinda."

"Ndani yao vipi?"

"Uwe kanga. Kanga hamkimbii kanga."

Fisi akatafakari. "Lakini mimi nina madoa tayari."

"Hayo ni madoa? Hayo ni uji uliomwagika. Kanga ana madoa meupe, madogo, yaliyopangika, juu ya weusi. Nenda kule kwenye shamba lililochomwa moto. Jipake masizi mwili mzima, kisha chovya kidole kwenye majivu, jitie matone. Mashavuni paka udongo mwekundu. Lakini kabla ya yote, ingia lamboni ukaoge."

"Nioge?" Fisi alishtuka kuliko alipotajiwa kazi yote ile. "Kuoga nako ni kujificha?"

"Ndiyo kujificha kwenyewe. Harufu yako hufika mahali siku moja kabla yako."

Niwaambie kweli, kanga hana habari na harufu. Kuoga hakukuwa ndani ya ujanja wowote. Ilikuwa pua ya Bi Kinyonga tu, iliyolala juu ya Fisi usiku kucha na kuchoka. Baadaye alijidai kuwa alipanga. Hakupanga.

"Na jambo la mwisho," Bi Kinyonga akasema. "Ukiwa kati yao, usimrukie mmoja. Ukimrukia mmoja, wengine wataruka. Ngoja jioni wakipanda mtini kulala. Hulala wamejipanga tawini kama mahindi gunzini. Hapo unachuma tu. Unataka mmoja au wote?"

"Wote!" Fisi akasema, na mate yakadondoka, do, do, do.

"Umewaaga nyumbani?"

"Niwaage ndugu zangu ili wanifuate wale nusu? Sijamuaga mtu, wala simuagi."

"Vema," akasema Bi Kinyonga. "Siri haitaki watu wengi."

Fisi akaenda kuoga. Bubu-bubu-bubu, lambo likawa kama maji ya kuoshea sufuria. Kisha akashika njia ya shamba lililochomwa.

Alipotoweka tu, kanga hao, mstari mmoja, wakaja kunywa. Wakayatazama yale maji, wakatazamana.

"Bi Matone!" Bi Kinyonga akaita. "Mwenzangu! Ni mimi, Kinyonga!"

Bi Matone akatazama juu, akaona jani kavu. "Nakuona, dada," akaliambia jani. "Umekonda sana."

"Siko hapo! Niko huku, kushoto kwa hilo jani!"

"Ndiyo, ndiyo, nakuona," Bi Matone akasema, bado analitazama jani. "Sema, nakusikia."

Bi Kinyonga akaona atakufa akibishania jani. Akasema yote harakaharaka, haraka yake ile. "Leo atakuja mgeni. Mkubwa kama ndama, mweusi, ana madoa meupe, miguu minne. Huyo ni Fisi. Msikimbie! Mkikimbia, mimi naliwa leo na nyinyi mnaliwa kesho. Mkaribisheni kwa adabu zenu zote. Na jioni, kwenu mgeni hulala tawi gani?"

"Mgeni hulala tawi la juu," Bi Matone akasema kwa fahari. "Mwenyeji hulala chini yake. Hata awe mgeni wa bahati mbaya, hatujavunja mila hiyo."

"Msiivunje leo. Mpandisheni mgunga huu huu, juu kabisa kwenye miba. Akishafika, nyinyi rukeni mkalale kwingine. Utakumbuka?"

"Dada, mimi kusahau?" Bi Matone akadonoa mbegu, akageuka. "Tulikuwa tunasema nini?"

Bi Kinyonga akafumba macho, moja, kisha jingine. "Mungu wangu," akasema, "nimeweka roho yangu ndani ya kichwa kidogo kama tunda la mkunazi."

Fisi akarudi. Na haki ni haki, alikuwa amependeza. Mweusi ti, madoa meupe tone, tone, tone, mashavu mekundu. Wengine huvaa vibaya kwa sababu hawajapata mtu wa kuwaambia.

"Vipi?" akauliza, akijigeuzageuza.

"Mchumba wa kukataliwa na nani?"

"Lakini kanga ana kipembe utosini. Changu kiko wapi?" Fisi akamtazama Bi Kinyonga, akatabasamu kwa meno yote. "Wewe. Utakuwa kipembe changu. Ukinidanganya, natikisa kichwa hivi, unaangukia mdomoni hivi."

Hilo Bi Kinyonga hakulitegemea. "Mjanja huchimba shimo," akajisemea akipanda utosini kwa Fisi, "na mjanja wa kweli huhakikisha hatakuwa ndani yake. Mimi nimechimba nikiwa ndani." Akajikunyata, akageuka rangi ya pembe, akashika nywele.

Wakaenda. Na ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kusafiri mbio. Miti ilimpita, mawe yalimpita. "Kumbe nyika ina upande wa pili," akasema, na akasahau kuogopa mpaka walipofika kichuguuni.

Kanga wote wakainua vichwa. Kwa... Mmoja akaanza kulia. Kwa-ra... Bi Matone akasimama, akapinda shingo, akamtazama mgeni. Akatazama madoa. Akatazama miguu minne. Bi Kinyonga akauona ubongo ule mdogo ukitafuta, ukitafuta.

"Huyu," Bi Matone akasema, "huyu ni yule... ni nani vile..."

Bi Kinyonga akazidi kushika nywele.

"Ah! Mgeni! Karibu mgeni! Mwimbieni mgeni!"

Kanga wakamzunguka, wakaimba, nanyi wajukuu mnaitika *kwara*:

Kwara kwara, mgeni karibu! *Kwara!*
Miguu minne si aibu! *Kwara!*
Kwara kwara, masikio mawili! *Kwara!*
Mungu humpa ampendaye mwili! *Kwara!*

Fisi akafurahi. "Wamenikubali," akanong'ona. "Huyu mnono hapa mbele, nimkamate?"

"Mmoja au wote?" Bi Kinyonga akanong'ona.

"Wote."

"Basi pekua."

Fisi akapekua. Paru, paru, paru. Kanga wakamwekea mende mbele. "Kula, mgeni, usione haya." Mende akawa anarusha miguu. Fisi akamtazama mnono, akamtazama mende.

"Mmoja au wote?"

"Wote."

"Basi meza."

Akameza mende. Akala mbegu, akala siafu nao wakamla ulimi. Kisha jua likawa kali, kanga wakaingia vumbini kuoga. "Mgeni, jirushie!" Fisi akalala chali, akajirushia vumbi mpaka machoni. Kanga mzima akapita karibu na pua yake, akampa mgongo. Taya likamtetemeka.

"Mmoja au wote?"

"Wote," Fisi akasema, safari hii kwa sauti ya mtu anayelia.

"Basi jirushie."

Hivyo hivyo mpaka alasiri. Fisi alitembea mwisho wa mstari, akitikisa makalio kama walivyotikisa, akisema kwara walivyosema kwara, ila yeye ilimtoka kama mlango usiotiwa mafuta. Na hakuna hata siku moja, mbele wala nyuma, ambayo fisi aliwahi kuwakaribia kanga kiasi kile na kushinda na njaa kiasi kile.

Jua likaanza kuinama. Wakafika mgungani.

"Mgeni," Bi Matone akasema, "kwetu mgeni ndiye wa tawi la juu. Tangulia."

Fisi akautazama mgunga. Mgunga ukamtazama kwa miba yake yote. "Mimi... nalala popote. Hata chini."

"Chini?" kanga wote wakalia. "Unataka watu waseme tulimlaza mgeni chini? Utatuvunjia heshima!"

"Bibi," Fisi akanong'ona, "mimi sijawahi kupanda mti."

"Kutoka juu utawaona wote," Bi Kinyonga akasema. "Mmoja au..."

"Nimesema wote, wote, wote!" Na akapanda.

Mti ulikuwa umeinama, hiyo ikasaidia. Miguu ya mbele ya fisi ni mirefu, ya nyuma mifupi, hiyo nayo ikasaidia, kwa kupanda. Kwaru, kwaru, kwaru. "Aii!" Mwiba. "Aii!" Mwingine. Kanga wakamsukuma kwa vichwa kutoka nyuma. "Haya mgeni! Kidogo tena mgeni! Hapo hapo kuna mwiba, mgeni, usijali, ni wa familia!"

Akafika tawi la juu. Akalikumbatia kwa miguu yote, mkia umenasa, tumbo linaning'inia. Kanga wakajipanga chini yake, kiduchu kiduchu, wameshikana mabega kama mahindi gunzini. Wote.

"Sasa," Fisi akasema, akapanua mdomo.

Na ndipo Bi Kinyonga alipoinua mguu, akaufikiria, akaushusha. Safari hii hakuujutia. Aliushusha kwenye gome. Ulikuwa mgunga wake, tawi lake, nyumba yake. Fisi alikuwa amemrudisha nyumbani mpaka mlangoni. Akageuka rangi ya gome, akapotea.

Fisi akainama amchume wa kwanza. Tawi likalia, kri!

Pruuu! Kanga wote, kwa mara moja, wakaruka hadi mti wa ng'ambo. Bi Matone alikuwa wa mwisho. "Lala salama, mgeni!" akasema.

Fisi akatikisa kichwa kwa hasira, ili kipembe kimwangukie mdomoni. Hakuna kipembe. Akataka kushuka. Ile miguu ya mbele mirefu, ya nyuma mifupi, kwa kushuka haisaidii mtu. Akatazama chini, akafumba macho, akakumbatia tawi mpaka asubuhi.

Asubuhi ndugu zake wakaja. Walikuwa wamemtafuta usiku mzima, maana walimjua: ndugu akitoweka bila kuaga, ana chakula. Walipofika lamboni, kaka mkubwa akainua uso, akaduwaa.

"Jamani. Kanga."

"Wapi?"

"Juu. Kanga mkubwa kama ndama."

Wakatazama. Mweusi, madoa meupe, mashavu mekundu, yuko mtini. Wakanusa. Hakuna harufu ya ndugu, ni masizi na maji safi. Kama kule kuoga kulipangwa au la, nimeshawaambia.

"Ni mimi!" Fisi akalia. "Kaka, ni mimi, mdogo wako!"

Kaka akashangaa. "Anasema kifisi! Kanga wa siku hizi wana hila."

"Ni mimi kweli! Nimeoga tu!"

Hapo ndugu wote wakatazamana. Ikiwa walikuwa na shaka kidogo, sasa ilikwisha. "Ndugu yetu kaoga?" wakasema. "Mwongo huyu."

"Nitazameni nikicheka basi!" Na Fisi akacheka kicheko chake cha nyumbani, hi-hi-hiii!

"Tena anatucheka," kaka akasema. "Tumle paja au mzima?"

"Mzima!" wakaitika.

Wakauvamia mgunga. Gwishi, gwishi, gwishi, wakautikisa. Bi Kinyonga tawini akashika kwa mikono, kwa miguu na kwa mkia. "Hongera zangu," akasema. "Nimemleta adui nyumbani, naye kaleta ukoo." Jicho moja likatazama ndugu, jingine likamtazama Fisi akiachia tawi. Puu! Akaanguka katikati yao.

Wakamrukia. Huyu kang'ata kiuno, yule kang'ata paja. Fisi akachomoka akilia, wakamkimbiza kichuguuni, wakamkimbiza nyasini, wakamrudisha lamboni. Hana pa kwenda. Tubwi! Akaingia majini mpaka chini kabisa.

Masizi yakatoka. Majivu yakatoka. Akaibuka upande wa pili, fisi kama fisi, maji yanamchuruzika.

"Oh, mdogo wetu!" kaka akasema, ulimi nje. "Ulikuwa wapi? Umemwona kanga mkubwa akipita hapa?"

Fisi akatazama makalio yake, yana alama za meno ya kaka. Akafikiria kusema kweli. Akafikiria atakavyochekwa mpaka wajukuu wa wajukuu.

"Kaelekea kule," akasema.

"Basi twende!"

Wakaenda wote. Naye akaenda nao, akichechemea, akijiwinda mwenyewe nyika nzima, na kila jioni akiulizwa, "Una hakika alipita huku?" Wengine husema ndiyo sababu fisi hutembea kiuno chini. Uongo. Alizaliwa hivyo.

Kanga wakarudi lamboni, mstari mmoja. Bi Matone akaja chini ya mgunga na panzi mzima mdomoni, mnono, wa kijani.

"Dada Kinyonga," akasema, "umetuokoa. Pokea shukrani." Akamweka panzi, kwa heshima, chini ya lile jani kavu.

"Niko huku!" Bi Kinyonga akapiga kelele. "Kushoto! Kushoto kwa jani!"

"Usiseme, dada, usiseme," Bi Matone akaliambia jani. "Umepauka kwa mawazo. Pumzika." Akaenda zake.

Panzi alikuwa mbali na ulimi. Bi Kinyonga akainua mguu, akaufikiria, akaushusha. Akainua mwingine. Alipofika, siafu walikuwa wamekwisha kula, wamekwisha kuosha vyombo.

"Ndiyo malipo ya kujua kujificha sana," akasema. Akageuka rangi ya mtu aliyekoma, akangoja panzi mwingine.

Haya wajukuu, funzo la ngano hii ni nini? Msiseme uongo! Mwongo hafiki mbali. Mmeona wenyewe: Bi Kinyonga alisema uongo, na kweli hakufika mbali. Alibaki pale pale mtini kwake akila panzi mpaka akanenepa, akafa kwa uzee, tena hata kufa alichelewa. Lakini Fisi, aliyemsikiliza mwalimu neno kwa neno, akaoga, akavumilia, akaheshimu mila za watu, huyo alitembea nchi nzima. Basi nanyi wasikilizeni walimu wenu, na kesho asubuhi mwoge.

Ngano yangu imepanda mgunga!

*Ishuke, bibi!*

Haishuki. Anayeitaka aipandie, miba ni yake.